Kutoka Bildi hadi Mwangwi: Historia ya Kipimo cha Altrasaundi na Tatizo la Jina Lake

Utangulizi

Hale ni mji mdogo katika Wilaya ya Korogwe, kando ya barabara itokayo Segera kwenda Tanga. Watu wengi hulijua jina lake kwa sababu mbili: mkonge, na kituo cha umeme wa maji ya Mto Pangani kilichoanza kazi mwaka 1964 kikiwa na mitambo miwili yenye uwezo wa megawati 21. Mimi ninalijua kwa sababu ya tatu pia. Ndiko anakoishi mtoto wa mama yangu mdogo, na ndiko nilikoaibika katika kazi yangu mwenyewe ya istilahi.

Nilipowatembelea, ndugu yangu huyo alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa amepimwa kwa altrasaundi mara ya pili, akaambiwa kuwa mtoto ni mdogo na kwamba arudi baada ya majuma mawili apimwe tena. Mama mkwe wake hakukubali. Alisema, "Walimpiga picha mara ya kwanza, mtoto alikuwa mzima. Wamempiga mara ya pili, mtoto amekuwa mdogo. Ya tatu ya nini? Hiyo mionzi yao ndiyo inayomchoma." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe mwanangu si ndiye mtu wa maneno huko serikalini? Hebu tuambie, kitu hicho ni nini?"

Nilijibu kwa haraka ya mtu anayejua. "Si mionzi, mama. Ni sauti ya juu." Mjamzito mwenyewe akacheka, akasema, "Mbona mimi sikusikia kelele yoyote?" Nikanyamaza.

Hapana shaka kila mtafsiri na kila mwalimu amewahi kukutwa na kimya cha namna hiyo. Maneno matatu yalikuwa yamesemwa katika ukumbi ule, na yote matatu yalikuwa yamepotosha. "Picha" lilikuwa limeazimwa kutoka chumba cha eksirei pamoja na hofu zake. "Sauti ya juu" lilieleweka kuwa ni makelele. Na neno "mdogo", ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelidhania kuwa ni istilahi, lilikuwa zito kuliko yote. Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi kipimo hiki kilivyozaliwa na jinsi kinavyofanya kazi, ili tuone kwamba tatizo la jina lake haliwezi kutatuliwa na mtu asiyeijua historia yake.

Bildi, pima na mwangwi

Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na chombo cha kupimia kina cha maji kiitwacho bildi. Ni kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Kamba ilitupwa majini hadi risasi iguse chini, kisha ikavutwa na kuhesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa. Tendo la kupima na kizio cha kupimia vilibeba neno moja. Aliyetupa bildi hakudai kuwa ameiona sakafu ya bahari. Alichojua ni umbali tu.

Iko njia nyingine ya kujua umbali pasipo kugusa, nayo ni mwangwi. Mtu akipaza sauti kuelekea mlimani, sauti husafiri, hugonga mwamba na kumrudia. Hewani sauti huenda kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Ikiwa mwangwi umerudi baada ya sekunde 2, basi sauti imekwenda na kurudi mita 680, na mlima uko mita 340 mbali. Aliyepaza sauti hakuuona mlima kwa sikio lake. Alipima muda, akaugeuza kuwa umbali. Msomaji na aishike hesabu hii ndogo, kwa kuwa altrasaundi yote imejengwa juu yake.

Popo wameijua hesabu hiyo tangu zamani. Anayeingia katika mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, huwaona wakiruka gizani bila kugongana. Mwaka 1794 mtaalamu wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aligundua kwamba popo aliyepofushwa huruka salama. Na punde baadaye Louis Jurine wa Geneva akaonyesha kuwa popo aliyezibwa masikio hujigonga ovyo. Wenzao waliwacheka, maana popo hasikiki akipiga kelele. Ilipita karibu karne moja na nusu hadi mwaka 1938, ambapo Donald Griffin na G. W. Pierce, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walinasa kwa chombo sauti za popo ambazo sikio la binadamu halizipati.

Sikio letu husikia mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde hadi kama 20,000. Iliyo chini au juu ya mipaka hiyo ipo, lakini kwetu ni kimya. Kwa hiyo ndugu yangu alisema kweli: hakusikia kelele kwa sababu haikuwapo kelele ya kusikika.

Fuwele na bahari

Chombo cha kutoa na kupokea mitetemo ya namna hiyo kilitokana na ugunduzi wa mwaka 1880. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba baadhi ya fuwele, mathalani za jiwe la kwatsi, zikigandamizwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake pia: fuwele ikitiwa umeme hutanuka na kusinyaa. Basi kitu kimoja kinaweza kuwa mdomo na sikio. Kikipewa umeme hutetemeka na kutoa sauti. Kikipigwa na sauti irudiyo hutoa umeme.

Kwa miaka zaidi ya thelathini ugunduzi huo ulibaki jambo la maabara. Kilichoutoa humo ni msiba. Mwezi Aprili 1912 meli ya Titanic iligonga siwa la barafu ikazama. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliomba hataza ya njia ya kutambua barafu kwa mwangwi, na mwaka 1914 Reginald Fessenden alifaulu kuipata barafu baharini kwa njia hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta nyambizi, na haja ikawa kubwa zaidi. Nchini Ufaransa, Paul Langevin, pamoja na Constantin Chilowsky, walianza kutafuta nyambizi kwa mwangwi. Na kufikia mwaka 1917 Langevin alikuwa akitumia fuwele za kwatsi zilizobanwa kati ya mabamba ya chuma. Yeye ndiye pia aliyeona kwamba samaki walioingia mbele ya chombo chake chenye nguvu walikufa. Tangu mwanzo, basi, ilijulikana kwamba kimya hicho si kitu kitupu, na kwamba usalama wake hutegemea kiasi cha nguvu na muda wa kutumika.

Kiwandani na hospitalini

Kutoka baharini mwangwi ulihamia viwandani. Mwaka 1928 Mrusi Sergei Sokolov alipendekeza kuutumia kutafuta nyufa ndani ya vyuma, na katika miaka ya 1940 Floyd Firestone wa Marekani akaunda mashine iliyotuma mapigo mafupi ya mtetemo na kusikiliza marejeo yake. Ufa ndani ya chuma hurudisha mwangwi kabla ya ule wa upande wa pili. Mafundi wa mitambo, mabomba ya mvuke na reli wangali wakitumia njia hiyo hadi leo.

Yafaa msomaji azingatie kwamba hospitali haikuipokea altrasaundi kutoka kwa wapiga picha, bali kutoka kwa mabaharia na mafundi wa chuma. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mashine ya kupimia vyuma wakaielekeza kwenye moyo wa mtu, wakauona mwangwi wake ukichezacheza kwa mapigo. Mwaka 1955 Ian Donald, profesa wa uzazi katika Glasgow, alipeleka vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa wake katika kiwanda cha matangi ya mvuke cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, akavipima kwa mashine ya kiwanda. Uvimbe uliojaa maji ulitoa mwangwi tofauti na uvimbe wa nyama.

Kwa msaada wa mhandisi kijana Tom Brown na daktari John MacVicar, Donald alitengeneza mashine ya wagonjwa. Mwezi Juni 1958 walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika. Mwangwi ulionyesha kuwa ni uvimbe mkubwa wa maji, ukakatwa, akapona. Makala hayo yalikuwa pia na taswira za mtoto angali tumboni. Mwaka 1965 kampuni ya Siemens ya Ujerumani ilitoa mashine ya kwanza iliyoonyesha taswira kwa mfululizo, kiasi cha 15 kwa sekunde, hata mwendo wa mtoto ukaonekana.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Katika miaka ya 1980, katika jimbo la Turkana nchini Kenya, wataalamu wa AMREF walibeba mashine ndogo ya altrasaundi hadi kwenye maboma ya wafugaji wanaohamahama, wakitafuta vifuko vya maji vinavyosababishwa na tegu wa mbwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa na Calum Macpherson na wenzake mwaka 1987, yalionyesha kuwa mwangwi uliwatambua wagonjwa vizuri kuliko kipimo cha damu kilichokuwa kikitumika. Mashine ambayo Ulaya ilikuwa ya chumba maalumu ilithibitishwa Turkana kuwa yaweza kufanya kazi chini ya mti.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Sehemu inayopitishwa juu ya ngozi, ambayo watumishi wa hospitali huiita probu, ina safu ya vipande vidogo vya kauri ambavyo siku hizi vimechukua mahali pa kwatsi. Vipande hivyo hutuma pigo fupi la mtetemo, kisha hunyamaza na kusikiliza. Sehemu kubwa ya muda wake probu ni sikio.

Ndani ya nyama laini ya mwili sauti husafiri kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde. Kitu kilicho sentimita 10 ndani ya mwili hurudisha mwangwi baada ya sehemu kama 130 za milioni ya sekunde. Mashine hupima muda huo, huuzidisha kwa mwendo wa mita 1,540, hugawa kwa mbili, kisha huweka nukta mahali panapostahili kwenye kioo. Mwangwi wenye nguvu hupewa nukta nyeupe, ulio dhaifu nukta ya kijivu, na pasiporudi kitu huachwa peusi. Nukta hizo zikikusanyika, jicho letu huona uso wa mtoto.

Mwangwi hutokea pale tu sauti inapovuka kutoka kitu cha aina moja kuingia kitu cha aina nyingine. Maji ya uzazi hayana mipaka ndani yake, hivyo huonekana meusi. Mfupa hurudisha sehemu kubwa ya sauti, ukaacha kivuli nyuma yake. Hewa huirudisha karibu yote, na hiyo ndiyo sababu ya kupaka jeli: huondoa hewa kati ya probu na ngozi. Wajawazito wengi hudhani jeli hiyo ni dawa. Sivyo, ni daraja la kuvushia sauti.

Liko pia suala la kuchagua mtetemo. Vipimo vya tiba hutumia mitetemo kuanzia kama milioni 2 hadi kama milioni 15 kwa sekunde. Mitetemo ikizidi wingi, wimbi huwa fupi na taswira hubainisha vitu vidogo zaidi. Kwa mitetemo milioni 3.5 urefu wa wimbi ni kama milimita 0.44, na kwa milioni 10 ni kama milimita 0.15. Lakini wimbi fupi huchoka upesi. Ngoma husikika kijiji cha pili ilhali filimbi huishia uwanjani. Kwa hiyo mtoto aliye ndani sana hupimwa kwa mitetemo michache kidogo, na tezi iliyo karibu na ngozi kwa mitetemo mingi.

Mwisho ni kupima mwendo. Anayesimama kando ya barabara pale Hale husikia honi ya lori ikiwa nyembamba linapomjia na nene linapompita. Jambo hilo lilielezwa na Christian Doppler wa Austria mwaka 1842. Damu inayoijia probu hufanya kama lori hilo, na mashine hujua kutokana na mabadiliko hayo inakwenda wapi na kwa kasi gani.

Katika maelezo yote haya mionzi haikutajwa, maana haimo. Eksirei hupenya mwili na inaweza kudhuru chembe za uhai, na ndiyo sababu huepukwa kwa mjamzito. Altrasaundi ni mtikisiko tu. Yaweza kupasha joto kidogo, kwa hiyo hutumiwa kwa haja na kwa kiasi. Lakini katika matumizi yake ya kawaida ya uchunguzi, madhara kwa mtoto hayajathibitishwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya mimba kutimiza majuma 24.

Majina mengi ya kitu kimoja

Tusidhani kwamba ni Kiswahili peke yake kilichotaabika. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 Waingereza waliiita elimu hii kwa neno lenye maana ya "kupita sauti". Baadaye zilipokuja ndege ziendazo mbio kuliko sauti, neno hilohilo likachukuliwa na ndege, na elimu ya mitetemo ikalazimika kutafuta jingine lenye maana ya "ng'ambo ya sauti". Mwaustria Karl Dussik, aliyejaribu katika miaka ya 1940 kupima ubongo kwa njia hii, aliziita taswira zake kwa jina refu la Kiyunani ambalo leo halitumiki. Wafaransa walichagua échographie, yaani maandishi ya mwangwi.

Chaguo hilo la Wafaransa linatuhusu moja kwa moja. Wasemaji wa Kiswahili wa Goma, Bukavu na Lubumbashi hupata neno lao la kitaalamu kutoka Kifaransa, na huenda kupimwa ekografi. Wa Tanga na Mombasa huenda kupimwa altrasaundi. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hati za afya za pande zote mbili zinaweza kukutana katika meza moja, na mfasiri asiyejua anaweza kudhani kuwa ni vipimo viwili.

Hata ndani ya nchi moja tumekwisha kujigawa. Mtanzania anayepimwa moyo huambiwa anafanyiwa "eko". Anayepimwa mimba huambiwa ni "altrasaundi". Mashine ni ya jamii moja, sauti ni ileile, na "eko" si kingine ila mwangwi uliovaa nguo ya kigeni. Mgonjwa aliyepimwa vyote viwili hana njia ya kujua kwamba amepimwa kwa kitu kimoja.

Sasa turudi kwenye majaribio ya kutafsiri. "Sauti ya juu" ina kasoro kubwa: kwa Kiswahili cha kawaida mtu anayesema kwa sauti ya juu anapiga kelele. Lugha yetu ina tofauti safi kati ya sauti kubwa na sauti nyembamba, na altrasaundi haina ukubwa wa kusikika. Ni nyembamba kupita uwezo wa sikio. Neno "masafa" nalo, linalotumiwa na wengi kwa idadi ya mitetemo katika sekunde, lina mizigo mitatu. Redioni "masafa mafupi" ni habari ya urefu wa wimbi. "Masafa ya kituo" ni habari ya idadi ya mitetemo. Na kombora la "masafa marefu" ni habari ya umbali. Katika fizikia ambayo urefu wa wimbi, idadi ya mitetemo na umbali vyote hukutana katika fomula moja, neno la namna hiyo ni mtego. "Marudio" ni bora zaidi.

Zaidi ya yote ni neno "picha". Kusema kweli halina kosa la lugha. Kosa lake ni la ujirani: hospitalini "kupiga picha" kulikwisha kuwa kwa eksirei. Anayelisikia huchukua maana mbili zisizo za altrasaundi, kwamba kuna mionzi, na kwamba mashine imemwona mtoto kama kamera inavyomwona mtu. Maana ya kwanza huleta hofu. Ya pili huleta imani kupita kiasi, na hiyo yaweza kuwa na madhara yasiyoonekana upesi.

Mdogo kuliko nani?

Pale Hale nilipokwisha kunyamaza nilijaribu tena. Nilimwuliza mama mkwe kama aliwahi kumwita mtu ng'ambo ya bonde akasikia sauti yake ikimrudia. Akasema, "Mara nyingi, tangu nikiwa msichana." Nikamwambia kwamba mashine ile huita, ikasikiliza mwangwi, ikahesabu. Hakuna kinachomchoma mtoto. Alifikiri kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia kwa mtu aliyekuwa akibishana nami kuhusu mionzi. "Haya. Na huyo mdogo, ni mdogo kuliko nani?"

Jibu la swali hilo linapatikana, kwa sadfa, katika wilaya yake mwenyewe. Mashine haipimi uzito. Hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja kwa muda wa mwangwi. Vipimo hivyo huingizwa katika fomula. Mojawapo ya zinazotumika sana ni ya Frank Hadlock na wenzake wa Houston, Marekani, ya mwaka 1985. Fomula hutoa uzito uliokadiriwa. Uzito huo hulinganishwa na chati ya watoto wa umri huohuo wa mimba, na mtoto anayeangukia katika sehemu ya kumi ya chini huitwa mdogo. Kwa hiyo kutoka mwangwi hadi neno "mdogo" kuna hatua nne, na hatua ya mwisho si ya fizikia. Ni ya kulinganisha, na hutegemea ni watoto gani waliotumika kuiandika chati.

Kati ya mwaka 2008 na 2010 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, waliwafuatilia wajawazito wa Korogwe kwa altrasaundi ya mara kwa mara, katika utafiti kuhusu malaria ya mimba. Mwaka 2012 Christentze Schmiegelow na wenzake walichapisha chati ya uzito iliyotokana na vipimo 2,193 vya watoto 583 ambao mimba zao hazikuwa na maradhi. Chati ya Korogwe ilikuwa chini ya chati nyingine walizoilinganisha nazo, ikiwamo moja ya Kongo na moja ya watoto wa kizungu. Wakahitimisha kwamba kutumia chati ya kwingine kungewaita wadogo watoto wengi wa Korogwe ambao kwa kweli walikuwa wakikua kama walivyopaswa.

Haifai kuuishia hapo, kwani wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Mwaka 2014 mradi wa kimataifa wa INTERGROWTH-21st, uliopima wajawazito katika miji ikiwamo Nairobi na Muscat, ulisema kwamba watoto wa mama wenye afya na lishe njema hukua kwa namna inayofanana popote duniani. Mwaka 2017 utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi kumi, Kongo ikiwa mojawapo, ulikuta tofauti kati ya nchi na nchi. Ikiwa kauli ya kwanza ni sahihi, basi chati ya Korogwe inatuambia pia habari za lishe na maradhi ya mama zetu, nasi tusiifanye kuwa mto wa kulalia. Ikiwa ya pili ni sahihi, basi kila mahali panahitaji chati yake. Mfasiri hana mamlaka ya kuamua kesi hiyo. Wajibu wake ni kutoificha. Anayeandika "mtoto ni mdogo" bila kutaja kwa kipimo gani ameficha hoja yote ndani ya neno moja jepesi.

Nilimjibu yule mama hivi: ni mdogo kwa chati waliyotumia, na kipimo kimoja ni kama kutupa bildi mara moja. Nahodha hatupi bildi mara moja akalala. Hutupa tena mbele kidogo aone kama kina kinaongezeka. Ndiyo maana wamemwambia arudi. Aliafiki. Majuma mawili baadaye alimsindikiza mkwewe mwenyewe.

Hitimisho

Kutokana na hayo napendekeza mambo matano kwa wenzangu watafsiri, walimu na watumishi wa umma.

Kwanza, "altrasaundi" libaki kuwa jina la mtetemo na la mashine, maana umma umekwisha kulikubali, nalo liandikwe kwa tahajia hiyo moja.

Pili, uchunguzi anaofanyiwa mtu uitwe "kipimo cha mwangwi": kipimo cha mwangwi cha mimba, cha moyo, cha figo. Jina hilo linaunganisha altrasaundi, eko na ekografi, na linamweleza mgonjwa kinachofanyika pasipo kumtisha.

Tatu, kinachoonekana kwenye kioo kiitwe "taswira ya mwangwi", na "picha" iachiwe eksirei na kamera.

Nne, idadi ya mitetemo katika sekunde iitwe "marudio", nalo "masafa" lirudi kwenye kazi yake ya umbali.

Tano, katika hati za afya isiandikwe "uzito wa mtoto" bali "uzito uliokadiriwa". Wala isiandikwe "mdogo" pekee, bali "mdogo kuliko umri wa mimba, kwa chati" fulani, nayo itajwe.

Huenda wasomaji wakaona pendekezo la mwisho kuwa la madaktari zaidi kuliko la lugha. Mimi naliona kuwa ndilo la lugha kuliko yote. Istilahi zenye sura ya kitaalamu hatuzipiti bila kuziuliza asili na maana yake. Yale maneno madogo ya kila siku yanayoingia kwenye cheti cha mgonjwa bila kubisha hodi ndiyo tusiyoyauliza. Mama mmoja wa Hale ameliuliza mojawapo kabla yetu. Wenye maoni juu ya mapendekezo haya, hasa wauguzi na walimu wa fizikia, wanaombwa wayatoe katika kurasa hizi.